Kilwa ipi? Majibu ya maswali yenu kuhusu Kivinje, Kisiwani na Masoko

Tangu tulipogusia historia ya pwani ya kusini kwenye kipindi, ujumbe wenu haujakoma. Wengine mnauliza nauli, wengine mnauliza masultani, na mmoja ameuliza kama ni kweli pesa ya Kilwa iliokotwa Australia. Hewani dakika ni chache na muziki nao unadai haki yake, kwa hiyo nimeona niyaandike majibu hapa, uyasome kwa nafasi yako na umsomee na jirani.

Naanza na ujumbe uliotoka Liwale. Dada mmoja anasema baba yake ana miaka 80 na kitu. Mzee amekuwa akiwaambia watoto wake kwamba babu yake alinyongwa na Wajerumani "kule Kilwa", na kabla hajafumba macho anataka afikishwe hapo mahali, asimame, aombe dua, arudi. Watoto wamechanga fedha. Sasa dada anauliza: wakifika Kilwa Masoko, wapande boti ya saa ngapi kwenda Kisiwani kwenye mti huo?

Dada yangu, usipande boti. Mti hauko kisiwani.

Usione haya kwa kukosea. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilimwambia kondakta "nishushe Kilwa", nikashushwa Nangurukuru, nikadandia bodaboda hadi Masoko, na jioni ndipo nikaelewa kwamba mtu niliyekuwa namfuata anaishi Kivinje, nilikotokea nyuma. Nilirudi usiku, na bodaboda alinicheka njia nzima.

Kilwa ziko tatu

Kilwa Kisiwani ndiyo ya zamani kuliko zote. Ni kisiwa kilicho karibu kabisa na bara, chenye magofu ambayo watalii huyafuata. Kilwa Kivinje iko bara, upande wa kaskazini, nayo ilikua katika karne ya 19. Kilwa Masoko, iliyopo bara mkabala na kisiwa, ndiyo makao makuu ya wilaya ya leo: ina ofisi, gati na uwanja mdogo wa ndege.

Huo ni mji mmoja uliohamahama. Kisiwani ilipofifia, biashara ilivuka maji ikaenda Kivinje, ambako misafara kutoka bara ilifika kwa miguu bila kuhitaji chombo cha kuvukia. Baadaye utawala nao ukahamia Masoko, kwa sababu bandari ya Kivinje ina kina kifupi na ya Masoko ina kina kirefu.

Ndiyo maana ukimsikia mzee wa Liwale, Nachingwea au Tunduru anasimulia kwamba wahenga "walipelekwa Kilwa", jiulize ni wakati gani. Kama ni wakati wa misafara ya watumwa katika karne ya 19, au wakati wa Wajerumani, basi Kilwa ya kwenye simulizi hiyo ni Kivinje. Boma la Mjerumani lilikuwa Kivinje, na wilaya yote iliyotawaliwa kutoka hapo iliitwa Kilwa. Vibao vya barabarani na picha za kwenye simu zinakuelekeza Masoko na Kisiwani. Simulizi ya babu inakuelekeza kwingine.

Kilichotokea Kivinje

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maswali mengi ya watu wa bara mwisho wake ni hapa.

Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa mlango mkubwa wa biashara ya watumwa kwa upande wa kusini. Watu walikamatwa au kununuliwa hadi maeneo ya Ziwa Nyasa, wakatembezwa wiki nyingi, wengi wakifia njiani. Kumbukumbu za forodha za kati ya 1862 na 1867 zinahesabu watu wapatao 97,000 waliosafirishwa kutoka Kilwa katika miaka 5, wengi wao kwenda Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kuwasafirisha kwa njia ya bahari. Wafanyabiashara wakageuza njia: wakawatembeza kwa miguu kando ya pwani kuelekea kaskazini, mpaka amri nyingine ya 1876 ilipokataza na hilo. Ukipita leo kwa basi kutoka Kilwa kwenda Dar es Salaam, upande uleule wa nchi ndio waliopitishwa wao.

Wajerumani wakaja. Septemba 1888 wenyeji wa pwani waliinuka, na maofisa wawili wa kampuni ya Kijerumani wakauawa Kivinje. Wana mnara wao mdogo pale mjini, wenye majina yao.

Miaka michache baadaye akasimama Hassan bin Omari, anayejulikana zaidi kwa jina la Makunganya. Watu wake walilishambulia boma la Kivinje mwaka 1894. Alikamatwa mwaka uliofuata, na Novemba 1895 akanyongwa Kivinje kwenye mwembe, yeye na wenzake. Hapo ndipo panapoitwa Mwembe Kinyonga. Eneo hilo bado linaitwa Kinyonga, na hospitali ya wilaya ipo hukohuko, hivyo hata bodaboda mgeni hawezi kupotea.

Neno moja kuhusu Makunganya, kwa sababu najua mtaniuliza. Alikuwa shujaa wa kumkataa Mjerumani, na hilo hatulifichi. Pia alikuwa mtu wa misafara, na misafara ya siku zile ilibeba pembe za ndovu na ilibeba binadamu. Familia moja inaweza kumwimbia sifa, na familia ya jirani ikawa na bibi aliyepitishwa kwenye misafara ya namna hiyo. Ukifika Kivinje utawakuta wajukuu wa pande zote mbili wanauza samaki kwenye soko moja.

Sasa, dada wa Liwale, kabla hamjafunga safari muulizeni mzee swali moja: babu aliuawa kwenye vita vya Makunganya, au kwenye Maji Maji? Watu huvichanganya, lakini kati yake kuna miaka 10. Maji Maji ilianza Julai 1905 huko Nandete, kwenye milima ya Matumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe hakunyongwa Kivinje. Alinyongwa Mohoro, upande wa Rufiji, tarehe 4 Agosti 1905. Na huko kwenu Liwale boma lilitekwa mwezi huohuo wa Agosti. Wapiganaji waliokamatwa waliuawa sehemu mbalimbali, siyo kwenye mti mmoja. Kwa hiyo kama mzee anakumbuka kutajwa Mohoro, hiyo ni safari nyingine. Kama anakumbuka mwembe na boma la Kilwa, basi ni Kivinje, mpelekeni.

Vipi kuhusu Kisiwani?

Kisiwani nako kunastahili nauli yako, ila kwa habari nyingine.

Simulizi ya wenyeji inasema Mshirazi aliyetoka Uajemi alikinunua kisiwa kwa nguo, nguo za kutosha kukizunguka chote. Mwenye kisiwa alipotaka kukirudia wakati maji yamepwa, akakuta mkondo umeshachimbwa, havukiki tena. Msikilizaji wa Ruangwa ameuliza kama ni kweli au ni hadithi ya kujitukuza. Wanaakiolojia wamechimba na kukuta kwamba watu wa hapahapa Afrika walikuwa wanaishi na kuvua pale kabla ya misikiti ya mawe. Na mwaka 2023 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa kwenye miji ya kale ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Wakakuta kwa wengi upande wa mama ni wa Kiafrika, na kwa upande wa baba mchango mkubwa ulitoka Uajemi, kuanzia karibu mwaka 1000. Kwa hiyo bibi na babu zetu hawakutunga yote. Walichopunguza ni sehemu ya mama.

Mji ulitajirika kwa dhahabu iliyopita Sofala, kusini, katika Msumbiji ya leo. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu kwa uzuri, akamsifu na sultani wake, al-Hassan bin Sulaiman, kwa ukarimu. Ni sultani huyo aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye birika la pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Msikiti Mkuu ulio na makuba ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukisimama ndani saa za adhuhuri utapata ubaridi usioutegemea. Mimi napapenda hapo kuliko Husuni, ambako jua halina huruma.

Wareno waliuvamia mji mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaondoka 1512. Ngome unayoiona leo, inayoitwa Gereza, ilijengwa upya baadaye na Waomani. Upande wake wa baharini umeshaliwa na mawimbi. UNESCO iliyaorodhesha magofu ya Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya hatari. Mikoko ikapandwa, kuta zikajengwa kuzuia mawimbi, na 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Bahari yenyewe haijasimama.

Sarafu ya Australia

Ndiyo, ni kweli. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu kadhaa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na 5 kati yake zilikuwa za Kilwa. Sarafu nyingine ya al-Hassan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe. Wewe ukiiona ya kwako ufukweni baada ya mvua, usiiweke mfukoni. Vitu hivyo vinalindwa na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Ipeleke kwenye ofisi ya magofu.

Njia

Ukitoka Dar es Salaam mabasi ya Kilwa, Lindi na Mtwara hupitia Mbagala. Wazee mnakumbuka kulala Ndundu mkisubiri kivuko cha Rufiji. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilimaliza hayo mwaka 2003. Lakini mvua haijamalizika: kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara sehemu kadhaa za Kilwa, na magari yakakwama siku nyingi. Kama ni masika, piga simu kwa mtu aliye njiani kabla hujakata tiketi.

Ukitoka Lindi au Mtwara unakuja kaskazini kwa lami. Wote mnashukia Nangurukuru, njia panda. Hapo usiseme "Kilwa". Sema Kivinje au sema Masoko.

Kwenda Kisiwani, utaanzia Masoko kwenye ofisi inayosimamia magofu, ulipe kiingilio na upewe kibali na mtu wa kukuongoza. Beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha raia siyo cha mgeni. Bei ya boti mpatane kabla hujakanyaga ndani, kwenda na kurudi. Songo Mnara ni mbali zaidi, inataka boti ya mashine na siku nzima. Na kumbuka Kisiwani ni kijiji, watu wanaishi pale. Vaa kwa heshima, salimia kwanza, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Turudi kwa mzee wetu wa Liwale. Barabara ya Liwale kwenda Nangurukuru kupitia Njinjo ni zaidi ya kilomita 200 za vumbi, na masika ni za tope. Mzee wa miaka 80 msimpitishe huko mvua zikiwa zimeshika. Zungukeni na Nachingwea na Lindi hata kama ni mbali. Kiangazi panafaa zaidi. Laleni Nangurukuru au Masoko, asubuhi chukueni bajaji, siyo bodaboda, semeni Kivinje, Kinyonga. Hakuna maji ya kuvuka wala ngazi ya kupanda, kwa hiyo magoti yake hayatamzuia.

Wajerumani wale wawili wameandikwa majina kwenye mnara wao. Babu wa mzee jina lake liko kwa mzee mwenyewe. Mkifika pale chini, kabla ya dua, mwambieni alitaje kwa sauti, ukoo na kijiji, na mmoja wenu arekodi kwenye simu. Mkiridhia, mtutumie hiyo sauti studio.