Omogambi na Nyakundi: Urithi wa Cheo na Jina Miongoni mwa Abagusii

Aghalabu jamii hurithisha mambo mawili yasiyoshikika mkononi: cheo na jina. Nchini China, wakati wa nasaba ya Qing (1644-1912), mwana wa mfalme alipewa cheo, lakini kwa kawaida warithi wake walishuka daraja kila kizazi. Familia chache tu ziliruhusiwa kurithi cheo kikiwa kizima. Miongoni mwa Abagusii wa Kisii na Nyamira, cheo cha kurithi kilikuwa nadra. Jina ndilo lililorithiwa na kila mtu.

Abagusii hawakuwa na mfalme mmoja. Koo zao kubwa, yaani Abagetutu, Abagirango, Abanyaribari, Ababasi, Abamachoge na Abanchari, ziliongozwa zaidi na wazee. Abagetutu ndio wanaojulikana kwa utawala wa kurithi, chini ya kiongozi aliyeitwa omogambi, na katika nasaba hiyo jina la Nyakundi ndilo litajwalo sana.

Baada ya misafara ya kijeshi ya Waingereza ya 1905 na 1908, cheo hicho kilipoteza uzito wake. Chifu akawa mtumishi wa serikali. Hata leo huajiriwa, hazaliwi chifu.

Jina, kwa upande wake, halikuhitaji idhini ya serikali. Kwa desturi, mtoto hupewa jina la jamaa aliyekwisha kufa, ili marehemu asisahauliwe. Majina mengine husimulia kuzaliwa: Nyanchera hutokana na enchera, yaani njia, Kwamboka hutokana na kuvuka mto. Hata hivyo, msichana wa leo aitwaye Kwamboka huenda hajavuka mto wowote. Aliyevuka ni nyanya yake.

Jina la ukoo nalo limehifadhiwa na sarufi. Mzawa wa ukoo wa Mobasi ni Omobasi, wengi wao ni Ababasi, na nchi yao ni Bobasi. Mwanafunzi wa isimu atatambua mara moja utaratibu wa Kiswahili: Mganda, Waganda, Uganda. Kwa kuwa Bobasi, Bonchari na Kitutu yamo katika majina ya maeneo ya uwakilishi bungeni, mababu hao hutajwa katika kila uchaguzi.

Hata hivyo, jina linaweza kudumu huku maana yake ikipotea. Mzazi hujaza fomu ya shule kwa haraka, na mtoto hukua akijibu jina la mtu asiyewahi kusimuliwa habari zake. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili watokao sehemu hizo kuwauliza wazee na kuyaandika majibu wakati wangali hai. Omogambi amekwisha poteza kiti chake, ilhali Nyakundi angali akiitwa darasani kila asubuhi. Yafaa anayeitika ajue anamwitikia nani.