Alama za Uzoefu na Mzigo Uliofika

Katika michezo ile ichezwayo mezani kwa karatasi, kalamu na dadu, ambamo kila mchezaji hujitwalia nafsi ya mtu wa hadithi na msimulizi akawapitisha wote katika masaibu ya safari, hakuna kanuni yenye hukumu kubwa kuliko ile ya alama za uzoefu, yaani hesabu alimbikiziwayo mchezaji kwa matendo yake mpaka itimiapo kiasi, naye akapanda daraja. Aijuaye kanuni hiyo hujua wachezaji watafanya nini kabla hawajanena neno.

Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, ulitoa alama moja kwa kila sarafu ya dhahabu, na askari alihitaji alama 2,000 ili aingie daraja la pili. Katika kitabu chake cha 1979, Gygax alishurutisha kwamba mali itolewe salama kutoka mapangoni, ndipo ihesabiwe. Kwa kuwa kuua kulileta alama haba, mchezaji mwenye busara aghalabu alijificha, akasuluhisha, au akakimbia. Toleo la 2000 lilipoiacha kabisa dhahabu na kuwatuza zaidi washindao maadui, meza nyingi ziligeuka uwanja wa vita. Nami nayahesabu hayo kuwa hasara.

Natamani mchezo wetu wenyewe uanzie Ipole, kusini ya Sikonge, pale barabara itokayo Tabora igawanyikapo, moja ikashika Mpanda na nyingine Rungwa, katikati ya miombo na mizinga ya nyuki. Nchi hii iliujua uzoefu kwa mizani yake. Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba walikwisha kujitwika vipembe vya ndovu, na kwamba kijana akaaye nyumbani alidharauliwa. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia msafara na bendera, mzigo wake ukiwa mwepesi kuliko mizigo ya wenziwe. Na vita vya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, vilipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, msafiri Stanley alijaribu kwanza kupigana naye pamoja na Waarabu, wakashindwa; ndipo alipozunguka kwa kusini, akafika.

Basi mchezo wa misafara na utoe alama kwa mzigo uliofika, kwa hongo, yaani ushuru wa kupita, iliyokubaliwa pasipo damu, kwa kisima kilichogunduliwa wakati wa kiangazi. Kuua kusitoe kitu. Fauka ya hayo ningeazima kanuni ya RuneQuest, mchezo mwingine wa aina hii wa 1978, ambamo ustadi uliotumika kwa mafanikio ndio upatao fursa ya kukua, na kadiri ulivyo mdogo ndivyo fursa ilivyo kubwa: mpagazi mgeni angejifunza upesi kupima mzigo na kusoma nyayo, ilhali mkongwe angeongeza kwa taabu. Walakini cheo cha kirangozi nisingekifunga na alama zo zote. Wachezaji wangekitoa kwa shauri lao, tena upya kila msafara ufikapo njia panda ya Ipole, kwa kuwa aijuaye njia ya Mpanda huenda asiijue ya Rungwa.