Kuona Kabla ya Kuomba

Wazazi wengi hupenda mwana awe mganga wa meno, ilhali mwana mwenyewe hajapata kuona jino liking'olewa. Kijana mmoja tuliyemsomesha alizirai alipoona damu. Tukashukuru kuwa alizirai siku ya kwanza ya kutazama, wala si baada ya karo kwisha lipwa.

Huko Marekani vyuo vingi vya meno hutaka mwombaji awe amekwisha kumtazama mganga kazini, na vingine hutaja saa 100. Kwetu, Muhimbili hupima alama za Fizikia, Kemia na Bayolojia, na masomo ni miaka 5.

Basi, ewe mzazi, mwombee mwanao ruhusa kwa mganga: asimame kando, asiguse chombo, aandike aliyoyaona, na siri ya mgonjwa iwe amana kwake.