Pango Halikubani, Hofu Ndiyo Inayokubana!

Je, shule yenu imewahi kuwapeleka Mapango ya Amboni? Ni kilometa 8 hivi kutoka Tanga mjini, ukifuata barabara ya Horohoro. Maji ndiyo yaliyoyachonga kwenye mawe ya chokaa kwa mamilioni ya miaka. Ndani kuna vyumba vipana, lakini pia kuna vichochoro ambamo inabidi uiname ndipo upite. Tochi ikizimwa, huoni hata kiganja chako.

Wengi hupita wakicheka. Lakini hakosekani mmoja anayegoma mlangoni. Moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, kifua kinabana, anahisi hewa imekwisha. Wenzake wanamwita mwoga. Wengine wanasema eti kakumbwa na mizimu.

Pengine huyo ni wewe. Pengine si pangoni tu, hata kwenye daladala iliyojaa.

Rafiki, hujarogwa. Hiyo ni hofu ya mahali pafinyu, na watu wengi duniani wanayo. Wengine iliwaanza baada ya tukio, kama kufungiwa stoo utotoni. Wengine hawajui ilikotoka.

MWILINI KUNATOKEA NINI?

Ubongo unapiga king'ora: "Hatari!" Mwili unamwaga adrenalini, nawe unaanza kuhema harakaharaka. Ukihema hivyo unatoa kabonidayoksaidi nyingi mno, ndiyo maana kichwa kinazunguka na vidole vinafanya ganzi. Unadhani unakosa hewa, kumbe unapumua kupita kiasi!

Ukikimbia, hofu inashuka palepale. Lakini ubongo umejifunza kwamba umepona kwa sababu umekimbia. Safari nyingine king'ora kitalia mapema zaidi. Leo unakwepa pango, kesho daladala, keshokutwa unachelewa shule. Ukibaki, hofu inapanda, inafika mwisho wake, kisha inashuka yenyewe.

UFANYEJE?

Mwaka 1958 daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, alichapisha kitabu kuhusu kuikabili hofu ngazi kwa ngazi huku mwili umetulia. Kwenda hatua kwa hatua bado kunasaidia hadi leo.

1. Andika ngazi zako, ukianza na rahisi: chumbani mlango umerudishwa, mlango umefungwa, daladala yenye nafasi, daladala iliyojaa, mlangoni mwa pango, ndani.

2. Panda ngazi moja tu. Vuta pumzi polepole kwa pua, itoe taratibu zaidi.

3. Baki hapo mpaka hofu ipungue. Rudia siku kadhaa, hadi uizoee, ndipo upande nyingine.

4. Mwambie rafiki au mwalimu awe nawe. Asikusukume, wala asikufungie kwa mzaha!

ANGALIA!

Kuna mahali ambapo hofu ni sahihi. Shimo la choo, kisima, tangi, chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa: humo hewa inaweza kuua kweli. Usiingie. Na Amboni usiingie bila mwongozaji.

Kifua kikitoa mlio wa filimbi, huenda ni pumu. Nenda kituo cha afya. Nenda pia kama hofu inakukosesha masomo au usingizi. Msaada upo.

Na wewe unayepita ukicheka? Safari ijayo, rudi mlangoni umsubiri mwenzako.