Kifafa kisimtoe mtoto darasani



Julai, tukiwa likizo, mafrateri tunaotoka Mfaranyaki tulitembelea familia za jumuiya yetu. Nyumba moja tulimkuta binti wa darasa la nne akichambua mboga, saa nne asubuhi, siku ya shule. Mama yake alisema kwa sauti ya chini: "Mafrateri, alianguka darasani, wenzake wakakimbia povu. Tukaona apumzike nyumbani kwanza." Hiyo "kwanza" ilikuwa imefika miezi mitatu.

Povu lile ni mate tu. Kifafa hakiambukizi, ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Huweza kuanza baada ya malaria kali ya kichwani, uti wa mgongo, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, hata mayai ya tegu wa nguruwe, nasi huku nguruwe tunawafuga sana.

Si kila mwenye kifafa huanguka. Yupo anayekodoa macho sekunde chache, kalamu mkononi, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikimpata mara nyingi kwa siku, somo linamfikia vipande vipande, na mwalimu humwita mzembe. Mwingine hushikwa usiku, asubuhi anasinzia. Fenobabitoni nayo, dawa ya bei nafuu inayotumika tangu 1912, huzuia kifafa lakini yaweza kuleta usingizi na kupunguza umakini. Mzazi amweleze daktari hayo, dozi iangaliwe. Asiikatishe ghafla: kifafa chaweza kurudi kwa nguvu, mfululizo.

Wapo wanaotukumbusha yule kijana wa Marko sura ya 9, kwamba dawa yake ni sala. Tusali, ndiyo. Lakini kule Mahenge, karibu mwaka 1960, Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki kwa ajili ya watu waliokuwa wakifichwa majumbani, akawapa fenobabitoni hiyo hiyo, na wengi wakapata nafuu.

Tulikwenda na mama shuleni. Mwalimu mkuu aliuliza jambo moja: "Akianguka tena nifanye nini?" Tukamwambia: ondoa vitu vigumu karibu naye, usimshikilie kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni, mlaze ubavu, tazama saa. Zikipita dakika tano, hospitali. Akizinduka mapema, apumzike, kisha arudi kwenye daftari lake.

Jumatatu alivaa sare.