Vigingi vya Hema

Hema ni nyumba ya msafiri. Haina kuta za mawe. Husimama kwa mti wake, kwa kamba, na kwa vigingi. Watu wengi huitunza hema yenyewe, kwa kuwa ni kubwa na bei yake ni ghali, lakini vigingi huvitupa ovyo katika mzigo, kwa kuwa ni vidogo. Hilo ni kosa, maana hema isiyo na vigingi ni nguo tu.

Fikirini habari za nyika ya Mkata, iliyoko kati ya Morogoro na Kilosa, ambayo sehemu yake leo imo katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita huko. Mwaka 1871 H. M. Stanley, akimtafuta Dr. Livingstone, aliivuka nyika hiyo wakati wa masika. Wapagazi wakaenda katika maji na matope. Mzigo wa mpagazi mmoja katika siku zile ulikuwa kama frasila 2, yaani kama kilo 32. Mtu afikapo kambini katika hali ile, naye amelowa na giza laingia, hana nafasi ya kutafuta kigingi kilichoanguka njiani.

Basi, yatupasa kujua namna ya kuvifunga.

Kwanza, ung'oapo kigingi usikivute kwa kamba ya hema, usije ukararua pindo. Kigonge kidogo huku na huku mpaka kilegee, ndipo ukitoe. Kisha kipanguse. Udongo mweusi wa nyika hunata, nao hushika unyevu. Kigingi cha chuma hupata kutu, na cha mti huoza. Tena udongo una uzito, nawe utauchukua bure mgongoni.

Pili, vihesabu. Ikiwa ulichomeka 14, virudi 14. Kimoja kikipungua, kitafute pale pale kabla ya kuondoka.

Tatu, vitie katika mfuko wao wa turubai, ncha zote zikielekea upande mmoja, na chini weka kitambaa kilichokunjwa. Usivikunje ndani ya hema, kwa sababu ncha itobayo ardhi hutoboa na nguo. Funga mdomo wa mfuko kwa kamba.

Nne, angalia mahali pa mfuko katika shanta. Vigingi vya chuma ni vizito, basi na viwe karibu na mgongo. Uzito ukikaa mbali na mgongo humvuta mchukuzi nyuma. Lakini usivifukie chini ya vyombo vyote, maana mvua ikinyesha, hema ndiyo itakayotakiwa kwanza.

Ukirudi nyumbani, vianike juani, kisha uvitundike mahali pakavu pamoja na hema yao.

Msidhani kwamba haya ni mambo ya wasafiri peke yao. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 Mto Mkondoa ulifurika Kilosa, ukabomoa nyumba nyingi na kuiharibu reli. Maelfu ya watu walikosa makao, na wengi wakaishi katika kambi za hema. Kwa watu kama hao hema ndiyo nyumba. Upepo ukivuma, na kigingi kimoja cha pembeni hakipo, kamba yake haifanyi kazi. Nguvu yote huziangukia kamba za jirani, na vigingi vyake hung'oka kimoja baada ya kingine, hata hema yote ikalala juu ya waliomo.

Wazee walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Ahesabuye vigingi asubuhi hulala pakavu usiku.

Maswali
1. Kwa nini vigingi visikunjwe ndani ya hema?
2. Mfuko wa vigingi uwekwe wapi katika shanta, na kwa sababu gani?
3. Eleza jinsi kigingi kimoja kilichopotea kiwezavyo kuangusha hema yote.