Viti Saba Katika Gari Dogo: Hesabu ya Toyota Wish

Miongoni mwa magari ya Japani yaliyokwisha kutumika na kuletwa Afrika Mashariki, Toyota Wish ni mojawapo ya yanayojulikana sana. Gari hili lilianza kuuzwa nchini Japani mwezi Januari 2003, likapewa umbo jipya mwaka 2009, na uundaji wake ukakoma mwaka 2017. Lilikusudiwa kubeba jamaa ya nyumba moja, wazazi na watoto wao, na pengine babu au bibi. Huku kwetu limepata kazi nyingine: limekuwa teksi, na nchini Kenya huchukua abiria kati ya mji na mji. Katika makala haya tutaeleza jinsi viti saba vilivyopata nafasi katika gari hilo, na kwa nini fizikia haimruhusu dereva kuongeza abiria wa nane.

Umbo na sheria

Sheria ya Japani imeweka mipaka ya gari dogo la abiria: urefu usizidi mita 4.70, upana mita 1.70, kimo mita 2.00, na injini ya petroli isizidi sentimita za ujazo 2,000. Gari likivuka mpaka mmoja tu, huhesabiwa katika daraja la juu. Toleo la kawaida la Wish ya kwanza lilikuwa na urefu wa mita 4.55, upana wa mita 1.695 na kimo cha mita 1.59. Msomaji ataona kwamba upana wake umepungua mpaka wa sheria kwa milimita 5 tu.

Kwa kuwa mhandisi hakuweza kulipanua gari, ilimbidi apange watu kwa urefu: wawili mbele, watatu katikati, wawili nyuma. Waitaliano walilitatua swali hilohilo kwa njia nyingine. Fiat Multipla, iliyoundwa tangu 1998 hadi 2010, mwanzoni ilikuwa na urefu usiofika mita 4, lakini upana wake ulikuwa mita 1.87. Hivyo ilichukua watu sita katika safu mbili za watu watatu watatu. Njia ya Wajapani ilihifadhi wembamba unaofaa mitaa yao, ila ilikuwa na gharama yake. Safu ya tatu iliangukia karibu na juu ya ekseli ya nyuma, na nafasi ya mizigo iliyobaki nyuma ya safu hiyo ikawa finyu.

Kilo 55 kwa kila mtu

Wish ya injini ya lita 1.8 ina uzito wa takriban kilo 1,300 ikiwa tupu. Japani inapokokotoa uzito wa jumla wa gari la abiria, kila mtu hukadiriwa kuwa na kilo 55. Watu saba, basi, ni kilo 385, na jumla ni kilo 1,685. Mizigo ya abiria haikutengewa fungu lake katika hesabu hiyo.

Sasa tuchukue safari ya kawaida. Tuseme gari limejaza watu kumi, kila mmoja kilo 70, na mizigo ya kilo 100. Shehena imekuwa kilo 800, na gari zima kilo 2,100. Uzito huo umeizidi ile jumla ya Japani kwa takriban robo yake.

Gari kama wenzo

Ubaya wa shehena hautokani na wingi wake peke yake. Mahali ilipowekwa pana athari pia. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma katika Wish ni mita 2.75. Tuweke mzigo wa kilo 100 sentimita 55 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo huwa egemeo, na gari lote huwa wenzo. Kwa kuwa 55 ni sehemu ya tano ya 275, magurudumu ya mbele hupunguziwa sehemu ya tano ya mzigo huo, yaani kilo 20, na yale ya nyuma huelemewa na kilo 120.

Katika Wish nyingi, magurudumu ya mbele ndiyo yanayolivuta gari. Ndiyo pia yanayoligeuza, na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kila kilo inayoondolewa juu yake hupunguza msuguano kati ya tairi na barabara. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, na usiku taa zake humulika juu, machoni mwa anayekuja mbele yake.

Nishati inayopaswa kuzimwa

Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa mwendo. Katika kilometa 80 kwa saa, yaani takriban mita 22.2 kwa sekunde, gari la kilo 1,685 lina nishati ya jouli 416,000 hivi. Gari la kilo 2,100 lina jouli 518,000 hivi. Ziada hiyo ya jouli 102,000 haina budi kugeuzwa kuwa joto na breki zilezile, na katika mteremko mrefu breki zilizopata moto kupita kiasi hupoteza nguvu. Tukumbuke pia kwamba Wish iliyo changa kuliko zote ni ya mwaka 2017. Springi huchoka na mipira hukauka kwa miaka, nazo hesabu tulizozifanya hazikuutilia maanani uchakavu huo.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili bila maabara. Achukue rula ya mita moja, aiegemeze penye alama ya sentimita 20 na ya sentimita 70. Egemeo la kwanza liwe juu ya mizani ya jikoni, na la pili liinuliwe mpaka rula ilale sawasawa. Mwanafunzi asome mizani, kisha aweke jiwe dogo la gramu 100 penye alama ya 80 na asome tena. Mizani itapungua kwa gramu 20, sehemu ya tano ileile. Halafu aongeze mawe mahali hapohapo, moja baada ya jingine, na darasa litazame ncha ya mbele ya rula. Kabla haijainuka, wanafunzi waulizwe: kama rula hii ingekuwa gari katika kona, dereva angeligeuza kwa kitu gani?